Kwale wa Shamba Lililoungua

Korosho ikiungua na ganda lake hutoa moshi mkali unaowasha koo na macho, na msimu ule kijiji chetu kizima cha Kitaya kilinuka moshi huo. Moto ulitoka kwa mtu aliyekuwa akisafisha shamba lake, upepo ukaubeba, na kabla ya alasiri ulikuwa umeshapita kwenye mikorosho ya Mama Zuhura, jirani yetu, wakati miti imeanza kuzaa. Mama yangu, mwenyeji wa Njombe, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini, na Zuhura alikuwa rafiki yangu wa dawati moja.

Moto ulipopoa nilifuatana na Zuhura na mama yake kwenda kuangalia kilichobaki. Njiwa waliokuwa na viota juu ya mikorosho hawakuwapo tena. Chini, kwale walikuwa wakiparua majivu na kudonoa, kama vile hakuna kilichotokea. “Hawa wanakula nini humu?” Mama Zuhura akauliza. Zuhura akapekua pale walipoparua, akarudi na mbegu za nyasi kiganjani, nyingine hazijaguswa na moto. Mama yake alikwenda upande wa pili, ambako mihogo ilikuwa imebaki vijiti vyeusi, akafukua shina la kwanza kwa jembe. Muhogo ulikuwa mzima. Ndipo akakaa chini akalia, na sisi tukasimama pembeni bila kujua pa kutazama.

Jioni Zuhura alimsimulia mama yangu habari za wale kwale. Mama akatueleza juu ya mijusi wakubwa wa kale, wa ukoo wa wale ambao mifupa yao ilichimbwa Lindi: jinsi kimondo kilivyoanguka, misitu ikaungua, vumbi likaziba jua, majani yakakoma kuota, na mijusi wale wakafa kwa njaa. Ndege wametokana na ukoo huo, alisema, na wengi wao nao walikufa, hasa waliotegemea miti. Waliopona yaelekea walikuwa wadogo, wakaao chini, wenye mdomo wa kupasua mbegu, maana mbegu hudumu ardhini hata majani yakiisha.

“Kwa hiyo walikuwa na akili, Mwalimu?” Zuhura aliuliza.

“Hapana. Walikuwa wamezoea chakula ambacho hakikuungua. Wangejuaje?”

“Basi na sisi ni bahati tu.”

“Mama yako alipanda mihogo,” mama akamjibu. “Hiyo si bahati.”

Mwaka ule kina Zuhura waliishi kwa makopa, ile mihogo iliyomenywa na kukaushwa. Baba yake Zuhura alikwenda mjini, Chikongola, kubeba mizigo sokoni, akarudi mvua zilipoanza. Mikorosho mingine ilichipua kwenye visiki, mingine ikabidi ipandwe upya. Leo shamba lile ni la Zuhura. Mimi naishi mjini, Ufukoni, na wanangu wanawajua mijusi wale kwa majina, kwa sababu wamewaona kwenye katuni. Nikiwaambia kuku wa jirani ni wa ukoo huo wanacheka, kisha wananiuliza mjusi mkubwa kuliko wote alikuwa na urefu gani. Waliobaki walikula nini, hilo bado hawajaniuliza; hawajawahi kuona shamba likiungua.