Sinia la Watano wa Mbele

Wajukuu zangu wanapotazama mpira kwenye televisheni, wakamwona mwalimu wa timu kavaa suti anapiga kelele pembeni ya uwanja, huwaambia: babu yenu alifanya kazi hiyo hiyo kwa vitunguu. Wanacheka. Wacheke. Mimi niliviona vitunguu hivyo, vilikuwa vyangu.

Alikuwa mtu wa Makunduchi. Alipokuja kuniposa, baba alimwuliza kazi yake. Akasema, "Nachukua magunia ya karafuu godauni."

"Na jioni?"

"Jioni nacheza mpira."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema mtu kaacha bahari ya kwao, kaja mjini kukimbiza ngozi ya ng'ombe. Lakini baba huyo huyo, kila jioni ya mechi, alikuwa wa mwanzo kufika kiwanjani Mnazi Mmoja, mkeka kwapani, na mtu akimtukana mkwewe walikuwa wakishikana mashati.

Sisi wanawake miaka ile ya hamsini hatukwenda kiwanjani. Tulikuwa tunakaa Mkunazini, sisi juu, jirani yangu chini, ua wetu mmoja. Mpira nimeujua kwa masikio. Sauti za watu zilikuja juu ya mapaa. Bao lina sauti yake na kukosa kuna sauti yake, na mume wangu akifunga jirani alikuwa akinipigia kelele toka chini: "Bibi wee, mumeo huyo! Leo mtilie nyama kubwa!" Guu lake la kushoto mji mzima ulilijua. Nilikuwa nikipita Darajani na buibui langu, nasikia wanaume wanalizungumza kama wanazungumza mtu, nami najikaza nisicheke.

Siku aliyovunjika sikusikia kitu, nilikuwa nachambua mchele. Walimleta juu ya mlango. Mlango hasa, wameung'oa sijui kwa nani, wamemlaza. Goti lilikuwa limeangalia upande. Hakulia. Akaniambia, "Usitazame huko, nitazame uso." Nikatazama huko huko.

Mganga wa mifupa alimfunga kwa vipande vya mianzi, akamwahidi atatembea. Kweli alitembea. Kukimbia hakuahidiwa, na yeye hakuuliza. Goti liliunga vibaya, halikukunjika tena sawasawa, hata kwenye sala akawa anakaa kaunyosha mguu mbele. Mtu aliyekuwa akirudishwa nyumbani juu ya mabega ya watu sasa anakaa barazani, wanaompita wanaangalia chini. Godauni walimwekea kazi ya kushona magunia. Usiku halali, mchana hasemi. Nilikuwa namwambia, "Bwana, hata paka akivunjika mguu hulia."

Aliyemtoa humo ni mwenyekiti wa kilabu. Alikuja na halua, akasema, "Mguu umekufa, kichwa hakikufa. Njoo uwafundishe vijana." Mume wangu alinitazama mimi, kama mtu aliyeulizwa kama anataka maji naye ana kiu ya siku mbili.

Basi hapo ndipo vitunguu vyangu vilipoanza kucheza mpira kabla ya kuingia mchuzini. Alikuwa anakuja jikoni, anavipanga sakafuni. Huyu golikipa, hawa walinzi, hawa watano wa mbele. Ananifundisha mimi kwanza, anasema nikielewa mimi na vijana wataelewa. Alikuwa na jambo moja analolipenda kuliko yote. Kitunguu cha kushoto kinakwenda mpaka mwisho wa uwanja, hakipigi juu, kinapeleka mpira chini chini. Na senta fowadi asiukimbilie. Asubiri nyuma ya beki, kule ambako watu wote washageuza shingo. "Kukimbia kila mtu anaweza," alikuwa akisema. "Kusubiri ndio kazi."

Kitunguu cha kushoto alikuwa kijana wa Chukwani, mama yake mjane, hana mtoto mwengine, na msimu wa embe alikuwa akituletea kapu zima. Senta fowadi alikuwa kijana wa mtaani petu. Walikuwa na baiskeli moja wawili wao, huyu anaendesha huyu kakaa mbele, wakija kwangu wanagombania nani alete kuni. Kabla ya kila mechi mimi ndiye niliyepika. Wali, mchuzi wa papa, siku ya kombe pilau. Masinia mawili: golikipa na walinzi lao, watano wa mbele lao. Kila mmoja alikaa kwenye sinia pale pale anapocheza, wa kushoto kushoto, wa kulia kulia, senta fowadi katikati. Hakuwapanga mtu.

Vijana hugombana. Mume wangu hakuwa akihukumu. Kwao Makunduchi, siku ya Mwaka, ndiyo sikukuu yao ya mwaka mpya, wanaume hukutana wakapigana kwa mashina ya migomba. Aliyemwekea mwenziwe kinyongo hukitoa hapo, anapiga na anapigwa, na wanawake pembeni tunawaimbia nyimbo za kuwatusi. Halafu watu wanakwenda kula. Ukishakula, basi, anayelirudisha jambo baada ya hapo hana maana. Yeye akaileta desturi hiyo uani kwetu. Wawili wakikorofishana anatafuta migomba, anawapa. "Haya, malizaneni hapa, si kiwanjani." Mgomba ni maji matupu, hauumizi sana. Wanapigana, maji yanawaruka usoni, mwisho wanacheka, wanaosha mikono, wanakaa kwenye sinia. Jirani yangu alikuwa analalamika uani kunateleza, lakini siku ya migomba hakosi kutoka kutazama.

Halafu zikaja zama za siasa.

Waliokuwepo hawana haja ya kuambiwa. Wasiokuwepo niwaambie kwa ufupi: watu waliacha kununua dukani kwa mtu kwa sababu ya kadi yake ya chama. Wanawake waliachwa. Shoga yangu wa toka chuo cha Kurani alivuka njia asinisalimie, na mimi na mume wangu hatukuwa na kadi yoyote. Maiti walizikwa na watu wachache huku majirani wamekaa barazani wanakunywa kahawa.

Kijana wa Chukwani akachukua kadi huku, senta fowadi akachukua kule. Baiskeli ikabaki kwa mmoja. Mume wangu akawa anakaa jikoni anavitazama vitunguu. "Mpira haufiki kushoto," ananiambia. "Mtu kakaa peke yake, yuko wazi, hapewi." Nikamwambia awafukuze wote wawili. Akanijia juu: "Timu hii ikivunjika, mimi ni nani? Mshona magunia mwenye mguu mmoja. Unataka nirudi barazani?"

Nilikumbuka ile baraza, nikaendelea kukuna nazi.

Akafanya alilolijua. Akaleta migomba. Aliamini hivyo kabisa, kama wewe unavyoamini kwamba ukitia chumvi mchuzi utakolea. Akawaita wawili wale uani, akawapa. Walipigana, lakini safari hii hakucheka mtu. Walipiga wamekaza meno, migomba ikakatika, wakaendelea kwa vipande. Senta fowadi midomo ilitoka damu. Jirani akasema, "Yallah, si mchezo huu," akaingia ndani akafunga mlango wake.

Kijana wa Chukwani akatupa kipande chake. Akasema kwa upole, "Mwalimu, hili halitoki kwa mgomba."

"Kaeni mle. Chakula kikiingia tumboni, litatoka."

Yeye akakaa, upande wake wa kushoto. Senta fowadi aliosha mikono, akajipangusa, akabaki kasimama.

"Mie nshakula, mwalimu."

"Umekula wapi?"

"Nshakula tu."

Mume wangu akakaa yeye katikati, mguu kaunyosha mpaka karibu ya mchuzi, akala na kijana wa Chukwani. Wale watatu wengine wa mbele, waliokuja kutazama, walikula wakitazama wali.

Juu ya hayo timu ilifika mechi ya kombe. Nimeshasema, mtu huyu alikuwa na kichwa. Asubuhi ya mechi nilipika pilau, uani kumejaa vijana, wa kushoto tu hajafika, mwenyekiti naye yupo na kanzu yake ya Ijumaa. Maji ya kunawa yanazunguka, akaja mtu kutoka Chukwani. Mama wa kijana wetu wa kushoto kafariki alfajiri. Maziko baada ya sala ya alasiri.

Mpira nao ulikuwa alasiri.

Mume wangu akamwambia mwenyekiti, "Tukawaombe wenzetu mechi isogezwe."

"Isogezwe kwa msiba wa nani?"

"Wa mchezaji wako."

"Huyo keshachagua watu wake. Watu wake watamzikia."

"Maiti hana kadi, mwenyekiti. Huyu mama kala kwenye nyumba hii, na wewe umekula embe zake."

Mwenyekiti akaufunga vizuri ukosi wa kanzu yake. "Mwalimu, nenda ukitaka. Lakini ukienda leo, usirudi."

Mume wangu akawageukia vijana. Akawaambia kuzika ni faradhi ya kifaya, wakienda wachache imetosha, wengine wabaki wacheze. Hakuwa akitaka timu nzima. Alitaka wawili, watatu, watu wamwone mwenzao hakutupwa. "Nani anakuja?"

Nilikuwa nimesimama na kawa la kufunikia sinia mkononi. Nimewapikia vijana wale miaka, najua nani hali pilipili. Golikipa alikuwa anatazama dari ya banda la jiko. Senta fowadi anatazama kucha zake. Akasema, "Mwalimu, tukishinda leo..."

"Bibi," mume wangu akaniambia, "vaa buibui."

Nikayafunika masinia. Nikawaambia, "Chakula hicho. Mle msile, shauri yenu." Tukatoka.

Tulipanda gari la abiria la shamba. Njia nzima alikuwa anajikanda goti. Chukwani mimi niliingia kwa wanawake. Hawakunipisha mahali pa kukaa mpaka mmoja alipowaambia ndiye mimi niliyekuwa nikimpikia mtoto wa marehemu. Jeneza lilipotolewa tulichungulia kupitia ua wa makuti. Wanaume walipokezana kama kawaida, na mume wangu akasogea kupokea. Mmoja akampiga bega kumtoa. "Nyinyi wa mjini mmekuja kuzika au kututazama?"

Kijana alikuwa mbele, kashika. Akageuza kichwa. "Mpisheni mwalimu wangu."

Wakampisha. Nilimwona akiingiza bega, na kwa sababu ya goti jeneza likainama upande wake, wakalazimika kwenda mwendo wake yeye. Hakuliachia. Alikuja mtu kumpokea, akakataa, akaja mwengine, akakataa. Wamekwenda hivyo mpaka minazi ikawaficha.

Tulirudi mjini magharibi imeingia. Tangu Darajani tulisikia ngoma. Zamani wakishinda walikuwa wakipita mlangoni kwetu kwanza, mimi napiga vigelegele dirishani na kuwateremshia sharubati. Siku ile walipita njia ya nyuma. Tulisimama uani tunasikiliza ngoma ikipita upande wa pili wa ukuta, inakwenda, inapungua.

Jirani yangu akatoka. Hakujua aseme pole au hongera.

Mume wangu akamwuliza, "Nani kafunga?"

"Wanasema senta fowadi. Moja bila."

"Mpira umetoka wapi?"

"Ah, mimi najuaje, kaka yangu? Mume wangu kasema umetoka kushoto, chini chini, ukamkuta nyuma huko, yuko peke yake."

"Nyuma ya beki?"

"Ndivyo alivyosema."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kasubiri," akasema. "Umeona? Kasubiri."

Nikafunua masinia. La walinzi lilikuwa tupu. La watano wa mbele lilikuwa limeliwa lote isipokuwa upande mmoja. Pale anapokaa kijana wa Chukwani wali ulikuwa mzima, haujaguswa na mkono, umekatika sawasawa kama mtu kapiga mstari. Walikula wakamwachia sehemu yake. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa heshima au ilikuwa karaha.

Mume wangu akakaa chini, upande ule, akala pilau baridi mpaka ikaisha. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye wali, naye anakula. Nililikanda goti lake kwa mafuta ya nazi, limevimba kama papai.

Mwenyekiti alituma mtu kuja kuchukua mipira na filimbi. Nilimpa mimi, mlangoni, sikumkaribisha. Kijana wa Chukwani hakucheza tena mjini. Timu iligawika vipande viwili kabla ya mwaka kwisha, kila kipande kina kadi yake, na vyote viwili vilikuwa vikifungwa na kila mtu. Nilifurahi. Yeye hakufurahi. Alirudi barazani, na vitunguu vyangu vikawa vitunguu.

Siku ya Mwaka iliyofuata tulikwenda Makunduchi kwao. Wanaume walikuwa wanapigana uwanjani, vumbi limesimama, sisi wanawake tunaimba. Naye akachukua mgomba wake, akaingia katikati akichechemea. Nilimwona anageuka huku, anageuka huku. Watu wa kwao walimpenda, hakuna aliyekuwa na jambo naye, wakawa wanampita. Aliowataka walikuwa mjini, na wale hawakuwa na haja ya kupigwa wala kula naye. Alisimama pale na mgomba mkononi mpaka wenziwe wote wamemalizana wanakwenda kula. Nikaenda nikamshika mkono, nikamwambia, "Twende, bwana, chakula kinapoa." Akaniuliza nani yupo kwenye sinia.