Dirisha la Ghorofa ya Tatu

Juzi nilikwenda chuo kikuu, kwenye chumba wanakotunza picha za zamani, nikaomba kuonyeshwa zile za jengo la sayansi. Kijana mhifadhi akanifungulia boksi. Zote nyeusi na nyeupe, zote alizipiga baba yangu, na ndani yake hakuna mtu hata mmoja. Lakini mimi, ndugu yangu, nilijua nani kafutwa humo.

Baba alikuwa na studio Kariakoo, nasi tulilala chumba cha nyuma yake. Asubuhi bibi, mama mzaa baba, alikaanga vitumbua uani, na harufu ya iliki ikachanganyika na ya dawa za kusafishia picha. Kazi yangu ilikuwa kuosha picha kwenye beseni na kuzitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo.

Chuo walimwita baba apige picha za jengo la sayansi likiwa tupu, bila watu. Basi baba aliiacha lenzi wazi muda mrefu: anayetembea haonekani, anayesimama ndiye hubaki. Mama aliingia kufungua madirisha ili yote yalingane, kaambiwa asisimame popote. Ghorofa ya tatu akasimama. Picha ya kwanza ilipotoka alikuwemo dirishani, ukungu mweupe wenye mabega. Baba alinuna, akachukua wembe, akamkwangua taratibu kwenye filamu yenyewe, na tangu hapo kila picha iliyotoka dirisha likabaki jeusi.

Kumbe mama alisimama kwa sababu homa ilikuwa imemwanza. Hakumaliza wiki mbili. Baada ya arobaini bibi alichoma picha zote za mama, akiamini marehemu hatulii sura yake ikiwa bado ukutani. Majuto ni mjukuu, alizoea kusema, na mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi, nimekaa pale na beseni langu.

Hapo ndipo baba alipoanza kuisafisha upya picha ile ya jengo, kila siku, kajifungia chumba cha giza chini ya taa nyekundu. Nje wasukuma mikokoteni wanapiga kelele wapishwe njia, ndani maji yanadondoka tu. Nilimwogopa. Siku moja akaniita, tukaitazama picha ikijitokeza kwenye karatasi ndani ya dawa: nguzo, ngazi, madirisha.

"Mama yako unamwona?"

Palikuwa peusi tii.

"Namwona, baba."

"Anaangalia wapi?"

"Anatuangalia sisi. Anacheka."

Baba alilia, akanishukuru, mtu mzima kunishukuru mimi. Tangu hapo kila picha niliulizwa, na kila mara niliongeza kitu: ushungi, hereni, mwanya.

Bibi hayupo, baba hayupo, studio sasa wanauza makava ya simu. Mhifadhi aliniuliza natafuta nini kwenye dirisha lile, nikamrudishia boksi lake. Nilikuwa na miaka sita mama alipofariki, na uso wake umeshanitoka. Nikifumba macho namwona yule wa dirishani, ananichekea na mwanya wake, na sijui kama mama alikuwa na mwanya.