Jua au Bati

Mume wangu alikuwa mbishi. Tulifundisha fizikia shule moja hapa Bagamoyo, tukaoana, tukaendelea kubishana. Ubishi wake wa mwisho ulihusu nyutrino, vijichembe vitokavyo kwenye jua na kupenya kila kitu, ardhi na miili yetu. Alisoma mtandaoni kwamba wapo wanasayansi wanaodhani vijichembe hivyo huchochea madini yenye mionzi: dunia ikilikaribia jua, Januari, mionzi huongezeka kidogo. Wengine wamepima wasione kitu. Yeye akaamini.

Basi akafunga utambi wa zamani wa karabai, wenye thoriamu, mojawapo ya madini hayo, kwenye kipima mionzi, akakiweka sebuleni. Kikawa kinalia tik, tik, mchana kutwa. Kila kaskazi hesabu zilipanda.

"Umeona? Jua hilo!"

"Nimeona bati," nikamjibu. "Januari sebule yako ni tanuri. Chombo kinaugua joto."

"Lo, mwanamke wewe!" Akacheka.

Alikufa vuli ikikaribia. Presha. Sikulia. Wanaume walitoa vyombo vyote sebuleni ili watandike majamvi ya matanga, na kipima mionzi kikaishia chumba cha ndani, chenye kuta nene za mawe, ambako nilikaa eda. Wifi yangu alikuja juu.

"Mtu kafa, hiki kijidude kinalia nini? Kizime, wifi."

Nikasema hakizimwi. Kaskazi ilikuwa bado, na nilitaka kujua kama marehemu alisema kweli. Hicho tu ndicho nilichotaka. Chakula sikukitaka, wala pole za watu. "Kazi ya Mungu haina makosa," wakaniambia, nikaitikia. Nilikuwa gogo.

Kaskazi ikaingia. Mabati ya sebuleni yalialika kwa joto. Kule ndani ubaridi ulikuwa uleule, na hesabu zilikaa palepale. Januari ikapita, hazikupanda.

Siku ya kutoka eda wifi aliniogesha, akanivisha kanga mpya, akaniuliza najisikiaje. Sijisikii chochote, nikamwambia. Alipotoka nikakigeukia kile chombo.

"Umeona? Nilikwambia ni bati."

Nikasubiri anibishie. Tik, tik.

"Haya basi," nikasema, "ni jua." Hapo ndipo nikalia.