Siku Nilipomsingizia Halima Virusi

Nikiyasimulia haya bado uso unaniwaka, na najua wengine wenu mlishayasikia huko mtaani Galbet, lakini afadhali mnisikie mimi niliyeyafanya, maana wanaoyasimulia hucheka sana hadi wanamsahau Halima.

Mimi ni mtu wa Bungoma, mwalimu wa kompyuta, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika shule moja hapa Garissa. Laptopu yangu inatumia Linux, na yeyote aliyewahi kunywa chai nami amenisikia nikijigamba kwamba Linux haishiki virusi ovyo ovyo (nilikuwa na hotuba nzima, na hakuna aliyeniomba).

Sasa, Alhamisi moja nilijirekodi video ya kumpelekea mwajiri, nikieleza kwa nini nihamishwe: joto, umbali wa kwetu, upweke. Video ikawa nzito, nikaanzisha programu ya kuipunguza ukubwa, ikasuasua mpaka saa za kwenda nyumbani zikafika, na badala ya kuisimamisha na kuzima kompyuta kama mtu mwenye akili, nikailaza, ule usingizi mzito ambapo mashine huhifadhi kila kinachoendelea, hujikatia umeme, na ukiiamsha huendelea pale pale ilipoachia. Halafu nikasahau kabisa.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wazazi. Ukumbi ulijaa, kina baba upande huu na kina mama upande ule, na prinsipali akanipa nafasi nieleze faida ya somo la kompyuta. Nikaanza kwa kuwafurahisha. Nikawaambia Garissa sasa ni kwetu, siendi popote (wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, Mungu anisamehe). Kisha nikaiamsha laptopu, nikaiunganisha na projekta, na Halima, karani wetu, mzaliwa wa mtaa wa Waberi hapa mjini, akanipa flashi yenye matokeo ya wanafunzi.

Nilipoichomeka tu, feni ikaanza kunguruma, kishale kikaganda katikati ya skrini, na kila faili niliyobonyeza ilikataa kufunguka. Watu wakaanza kunong'ona. Jasho likanitoka, na badala ya kusema sijui kuna nini, nikamgeukia Halima mbele ya ukumbi mzima.

"Umeniletea virusi na hii flashi yako," nikasema.

Halima hakubisha. Aliniuliza polepole kama mara ya mwisho niliizima kompyuta au niliilaza tu, nami nikamjibu kwamba niliizima, tena mwalimu ni mimi (huo ulikuwa uongo wa pili kwa asubuhi moja). Prinsipali akataka kujua kama flashi hiyo imeshachomekwa kwenye kompyuta za ofisi, na hapo nikamwona Halima akikaza mtandio wake, kwa sababu katika kazi ile alikuwa bado kwenye majaribio, na baba yake, Mzee Hussein, alikuwa ameketi safu ya pili.

"Mwalimu, wacha nitazame hiyo brosesa," akasema kwa lafudhi ya kwao, akimaanisha prosesa, ubongo wa kompyuta. "Kama ni firus, wote tutaiona."

Akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika neno moja, na orodha ya programu zote zinazofanya kazi ikatokea ukutani. Juu kabisa palikuwa na moja iliyokula karibu prosesa yote. Akabonyeza herufi ili ionyeshe inashughulika na faili gani, na jina la faili likajitandaza lote, kwa maandishi makubwa kuliko mlango wa ukumbi. Mama mmoja aliyekaa mbele akalisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtoto wa chekechea: "Ni-o-ndo-e-ni Garissa."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Mzee Hussein akasimama, akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu, kutaka kwenda kwenu si makosa," akasema. "Lakini msichana yangu umemsema mbele ya watu."

Halima akaifunga ile programu, feni ikanyamaza, matokeo yakafunguka mara moja, na yeye ndiye aliyewasomea wazazi mpaka mwisho huku mimi nimekaa pembeni nikitazama viatu vyangu.

Jumatatu nikaenda kwenye dirisha la ofisi yake kuomba msamaha. Alinisikiliza nikamaliza.

"Ulinisema mbele ya watu, walaal, ndugu yangu," akaniambia. "Samahani unaniletea kwa dirisha?"

Nilisubiri muhula mzima, na kila siku nilitamani mkutano mwingine wa wazazi usifike, kisha ulipofika nikasimama mbele ya wazazi wale wale nikasema kwamba Halima hakuleta virusi, kosa lilikuwa langu, na kwamba nilidanganya. Mzee Hussein aliitikia kwa kichwa tu, na prinsipali akaendelea na ajenda iliyofuata.

Video niliifuta, nikaandika barua ya kawaida, na jibu la uhamisho sijapata. Halima alipata kazi yake ya kudumu, na hunisalimia vizuri, ila nadhani hajanisahau, wala sina haki ya kumwomba asahau. Nimeapa kwamba kitu kikinishinda mbele ya watu nitasema, "Mimi bado sijui," hata mdomo ukiwa mzito kiasi gani, kabla sijamtafuta mtu wa kumbebesha aibu yangu.