Hoja Zilizomrudisha Kuku Jikoni

Jamani, nikikumbuka siku ile masikio bado huniwaka moto, na ni zamani, wakati wa zile suruali zetu pana miguuni, za kufagia lami.

Nilikuwa nasoma masomo ya jioni mjini, juu ya duka moja la vitambaa River Road, na wiki hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha kutambua makosa katika hoja za watu, basi mimi nikawa moto, nikamkosoa muuza njugu, nikamkosoa mhubiri wa barabarani, kidogo tu nikosoe na taa za barabara.

Jumapili tukaenda Kabiria kwa Mzee Makokha, kumuomba binti yake Nasimiyu. (Siku kama hiyo mchumba ana kazi moja tu: kunyamaza. Anasemewa.) Msemaji wangu alikuwa baba mdogo Barasa, mpishi wa matajiri kule Lavington, maneno yake matamu kuliko keki zake. Kuku alikuwa tayari mezani, ananukia mpaka Kangemi.

"Kijana huyu hagusi pombe," baba mdogo akaanza. "Babake hakuonja, babu yake hakuonja. Yeye angeionjea wapi?"

Si ningenyamaza tu! Nikainua kidole kama niko darasani. "Samahani, baba mdogo, hoja hiyo haisimami. Baba kutokunywa si ushahidi kwamba mwana hanywi."

Mzee Makokha akaweka kikombe chini. "Kumbe unakunywa?"

"Sijasema hivyo, mzee! Na hilo sasa ni kosa la pili!"

"Wewe, umelogwa?" baba mdogo akaninong'oneza.

Mzee akasimama. "Leo anabishana na baba yake mdogo, kesho atabishana na mke, kesho kutwa atamfukuza, mwishowe atachoma nyumba na sisi ndani! Mama Nasimiyu, ondoa kuku."

Kuku akarudi jikoni. Kwetu sisi watu wa magharibi mwa nchi, mgeni akiondolewa kuku ameshaambiwa yote. Na mimi, badala ya kulia, nikasema, "Mzee, kutoka ubishi hadi moto wa nyumba umeruka hatua nyingi sana!"

Baba mdogo akavaa kofia. Nasimiyu alikuwa mlangoni na birika la kunawisha, ananitazama kama mtu anayeona mvua ikinyeshea nguo alizoanika.

"Ngoja, Barasa, keti," Mzee akasema ghafla. "Ile hoja ya pombe ilikuwa ya kumsaidia nani?"

"Nani tena kama si yeye, huyu mjinga!"

"Na ameibomoa mwenyewe." Mzee akaanza kucheka mpaka mabati yakatetemeka. "Mtu anayekataa maneno matamu hata yanayomsaidia, huyo hawezi kumdanganya binti yangu hata siku moja. Mama, rudisha kuku!"

Jamani! Tukio moja tu, naye ameshaamua maisha yangu yote! Kosa hilo nililijua kwa jina (mwalimu alilirudia hadi chaki ikaisha), mdomo ukafunguka wenyewe, na hapo Nasimiyu, aliyekuja kuninawisha mikono, akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino cha kiatu, nikaona nyota zote za Afrika Mashariki.

"Asante, mzee," nikasema.

Makosa ya hoja bado nayatambua yote, mke wangu Nasimiyu ni shahidi. Lakini niliapa siku ile: kabla sijafungua mdomo, kwanza naangalia kuku yuko wapi.