Mageni na Mitamba ya Mwaka wa Kuhamishwa

Lori lilipokuja mwaka 1974 kuwahamishia watu katika kijiji cha ujamaa, Mageni alikataa kupanda. Alikuwa mjane, nywele zimeanza kuingia mvi, na maisha yake yote ameyaishi katika mbuga za kusini mwa Tinde, akilima mtama na kukamua ng'ombe. Wanamgambo walikwisha kuezua paa la nyumba yake. Vyungu, magunia na matundu ya kuku yalikuwa juu ya lori tayari, na mkwewe Anisia amekaa juu ya magunia na mtoto mgongoni.

"Mayu, mama yangu, panda," mwanawe Masele alimsihi. "Hawa watu hawana utani."

"Na ndama?"

Amri ilikuwa kwamba ng'ombe wakubwa waswagwe kwanza hadi kijiji kipya, penye lambo, kwa kuwa huku maji yalikuwa yamekwisha. Ndama wasingeuweza mwendo ule, kwa hiyo wangefuatwa kwa mkokoteni.

"Watafuatwa kesho," alisema mmoja wa wanamgambo.

"Basi na mimi nitafuatwa kesho," Mageni akamjibu, akaenda kuketi mlangoni mwa zizi la miiba.

Kesho hiyo haikuleta mkokoteni, wala siku iliyofuata. Ulikuwa mwaka wa ukame, mafahali wa kukokota wenyewe walikuwa hoi, na kila familia ilikuwa na vyake vya kuhamisha. Mageni alibaki peke yake na ndama katika uwanja usio na nyumba. Alifukua mchanga wa mto mkavu hadi akapata maji ya rangi ya majivu. Alipika uji mwepesi wa mtama, akachovya vidole na kuwatia ndama mdomoni ili wajifunze kunywa, maana wengine hawakuwa hata na wiki tangu wazaliwe.

Mwanzoni walilia. Walilia mchana kutwa wakielekea upande walikopelekwa mama zao, na jua lilipozama fisi wakaja kuzunguka zizi. Mageni aliwasha moto wa samadi, kwa sababu kuni zilikuwa hazipatikani tena katika nchi ile, akaukalia karibu hadi moshi ukamchoma macho. Kisha ndama wakaacha kulia. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Walisimama wameinamisha vichwa, wakishtuka kila kijiti kilipovunjika, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kulala wasiinuke.

Masele alipofika na mkokoteni, nusu mwezi ulikuwa umepita. Ndama waliobaki hai hawakufika nusu, na karibu wote walikuwa majike. Alimkuta mama yake amekonda, midomo imepasuka, kichwa cha ndama mwekundu kikiwa mapajani mwake.

"Umewaokoa, mayu," alisema, na machozi yakamtoka.

Huko kijijini, mama za ndama walikuwa wamekauka maziwa. Waliwanusa wanao, wakawapiga pembe. Mageni akaendelea kuwanywesha uji mwenyewe, na watu wakamzoea hivyo: bibi mwenye macho mekundu anayefuatwa na ndama hadi kisimani.

Miaka ikapita. Mvua zikarudi, majani yakaota, na wale ndama wakawa mitamba. Hawakuwa mitamba wa kujivunia. Vifua vilikuwa vyembamba, manyoya yamesimama, na mtu akipiga chafya tu zizini walirukiana hadi kuumizana. Wakati mitamba wa majirani, waliozaliwa baada yao, walikuwa wameshapandwa na kuzaa, wale wa Masele hawakutaka dume kabisa. Fahali aliwanusa, akawaacha.

Masele alimwita Gelasius, bwana mifugo aliyekuwa akisimamia josho. Gelasius alikuwa mwenyeji wa Ushirombo, mtu mpole mwenye kikohozi. Aliwapima mitamba mmoja mmoja, akauliza walivyolelewa. Mageni akamsimulia yote, tangu lori hadi mkokoteni.

"Ndama akizaliwa hajakamilika," Gelasius alisema. "Ndani bado anajengwa. Kuna tezi, vinyama vidogo tu, moja iko chini ya ubongo, nyingine juu ya figo, nyingine penye mayai ya uzazi. Zinatoa vitu vinavyoingia kwenye damu, sisi tunaviita homoni. Hivyo ndivyo vinavyouambia mwili ukue lini, uogope kiasi gani, utake dume lini, ushushe maziwa lini. Sasa ndama akitengwa na mama yake siku zile za mwanzo, akakaa na hofu na njaa, zile tezi za hofu zinazoea kufanya kazi bila kupumzika. Baadaye hofu inaondoka, lakini mwili haujui kwamba imeondoka. Unaendelea kujihami, na mambo ya uzazi unayaweka nyuma."

"Nani amekwambia?" Masele aliuliza.

"Tulifundishwa chuoni, Morogoro. Wataalamu walijaribu kwa panya wachanga. Kwa ng'ombe wetu hawa hakuna aliyepima, nisikudanganye. Na njaa peke yake nayo humchelewesha mtamba. Lakini hapa sioni mkono wa mtu, Masele. Naona ule mwaka."

"Panya," Masele akasema. "Nimekuita kwa habari ya ng'ombe, unanipa habari ya panya."

Gelasius alishauri wapewe pumba na chumvi, wasipigwe, wapewe muda. Mageni alifanya yote hayo. Na kweli, mwaka 1980 yule mtamba mwekundu akapata mimba. Nyumba nzima ilifurahi. Anisia alifagia zizi kama anayemngojea mgeni.

Alizaa asubuhi yenye manyunyu. Ndama alipotua chini, mama yake alimtazama kama mtu anavyotazama nyoka. Hakumlamba. Ndama alipojikongoja kutafuta titi, mama yake akampiga teke la kichwa. Mageni alimfunga miguu ng'ombe, akamkanda kiwele, akamwimbia kama alivyomwimbia alipokuwa ndama. Maziwa hayakushuka. Ndama alikufa siku ya pili.

Masele alisimama mlangoni mwa zizi muda mrefu. Halafu akavaa koti lake, akaondoka bila kuaga.

Alikwenda kwa mganga. Mganga yule alipasua kifaranga, akasoma matumbo, akasema kwamba zizi limefungwa na mwanamke. Hakumtaja jina. Alisema tu: ni yule aliyewalisha kwa mkono wake, akabaki nao peke yake pasipo shahidi. Masele hakumwambia mkewe, ila aliyasema kilabuni, mbele ya vijana wa baba yake mdogo, baada ya kunywa. Katika nchi ile, wakati ule, mwanamke mzee mwenye macho mekundu aliitwa mchawi bila ushahidi mwingine. Majirani waliacha kumwamkia Mageni. Wenye watoto wakawakataza kupita kwake.

"Nimewakosea nini?" Mageni alimwuliza Anisia.

"Sijui, mayu. Usiwajali."

Kila alfajiri wanawake hao wawili walikuwa wakienda lamboni pamoja kuchota maji. Siku moja, Anisia akijitwika ndoo, Masele alimwambia kutoka kitandani, uso ameugeuzia ukutani:

"Leo usiende na mama."

"Kwa nini?"

"Nimesema usiende."

Anisia alimtazama mgongo wake. Mageni alikuwa ameshatangulia. Ghafla Anisia akaelewa. Akaitupa ndoo na kukimbia, akipiga yowe njia nzima, yowe la kuita watu kwenye moto au simba, hata milango ya kijiji ikafunguka.

Vijana wawili kati ya wale wa kilabuni walikuwa wamemkuta Mageni ameinama ukingoni mwa maji. Panga la kwanza alilikinga kwa mkono. La pili lilimpata begani. La tatu halikushuka, kwa sababu yowe lilikuwa limekaribia na watu wanakuja, nao wakatimka kupitia mashamba ya mtama. Anisia alimkuta ameketi topeni, ameshikilia mkono wake wa kulia uliokuwa ukining'inia kwa ngozi.

"Umekuja," Mageni alisema. "Masele yuko wapi? Mwambie nimeumia."

Lori la pamba lilimpeleka hospitali ya Kolandoto. Mkono haukuokolewa. Polisi waliwakamata wale vijana kwa maneno ya Anisia, aliyewatambua kwa migongo yao, wakafungwa. Mageni alipoulizwa kama kuna aliyewatuma, alisema hajui. Masele alihojiwa akaachiwa. Hakwenda hospitali.

Aliyekwenda ni binti mkubwa wa Mageni, aliyeolewa Tinde na muuza nguo aitwaye Shaaban, akasilimu na kuitwa Mwaisha. Mageni alipotoka wodini, Mwaisha alikwenda naye kwake. Shaaban alimpa mama mkwe chumba cha uani, akamwambia, "Hapa ni kwako, mama. Hakuna wa kukuondoa." Lakini Mageni hakulala vizuri tena. Alishtuka mlango ulipobamizwa, na kisimani hakwenda hata siku moja.

Gelasius alipita Tinde kumtazama. Alimwamkia shikamoo, akaketi kwenye kigoda.

"Bwana mifugo," Mageni alianza, "ule uji wangu ndio uliowaharibu?"

"Hapana, mayu. Bila uji wangekufa wote. Waliowaharibu ni waliowatenga na mama zao."

"Niliwapa uhai, basi."

"Uliwapa."

"Uhai gani ule," alisema Mageni. "Wa kushtuka tu." Akavuta khanga akafunika kigutu cha mkono. "Na wewe ulijua. Kwa nini hukumweleza Masele mpaka akaelewa?"

Gelasius alisema alijaribu. Mageni akatikisa kichwa, hakumlaumu, ila hakumkaribisha chai. Bwana mifugo alikaa kidogo, akaaga.

Huko kijijini, Masele aliwauza mitamba wote kwa wachinjaji, akanunua wengine kwa mtu wa Kahama, waliolelewa na mama zao katika miaka ya mvua. Wakazaa mwaka uliofuata, wakatoa maziwa ya kutosha. Watu wakasema: mnaona? Mchawi ameondoka, zizi limefunguka. Mganga yule akapata wateja hadi kutoka Geita. Anisia alipojaribu kueleza habari ya ndama na mwaka wa kuhamishwa, walimcheka, na wengine wakaanza kuyatazama macho yake. Akanyamaza.

Mageni alifariki mwaka 1986, masika, kwa homa ya mapafu. Mwaisha alimpelekea kaka yake habari. Masele alisema fahali wake anaumwa, hawezi kusafiri. Anisia alikuja peke yake kwa miguu, akafika wamekwisha kufukia. Alikaa Tinde hadi siku ya tatu, kisha akarudi kwa mumewe, kwa kuwa watoto walikuwa huko.