Miwani ya Hakimu

Hakimu huyu hana haraka. Hufuta miwani kwa pindo la joho, huivaa, kisha huifuta tena, na karani wake Fidelis ameshajua kuwa hapo swali liko njiani. Leo dereva wa Fuso la kabichi anashtakiwa kwa kumgonga bibi mmoja milimani Uluguru na kutoroka. Miwani ikafutwa.

"Shikamoo, bibi," hakimu akamwambia shahidi mwenye magongo, yule yule aliyegongwa, jambo ambalo mahakimu hawana desturi nalo. "Dereva alikimbilia wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Simu hazishiki kule. Alipandisha mbio hadi misheni kutafuta msaada, akarudi peku na sista wa zahanati."

"Lakini sheria inasema asiondoke," mwendesha mashtaka akasisitiza.

"Aliondoka," hakimu akakubali taratibu. "Ila aliyelala barabarani anasema hakuachwa."